Miguu ya Mtoto na Chemchemi ya Kijiji

Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Masomo: Kumbukumbu la Torati 23:12-14 na Mwanzo 2:15.

Asubuhi ya leo nataka nizungumze hasa na walimu, wazazi, na wale wanaofundisha shule ya Jumapili. Neno letu ni hili: tuwafundisheje watoto wetu wa shule kutunza afya, kuzoeza miili yao, na kuilinda nchi ambayo Mungu ametupa?

Nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2014 nilikuwa kasisi kijana, nami nilialikwa kila Ijumaa kuwa na kipindi cha Neno la Mungu katika shule moja ya msingi. Asubuhi moja, watoto wakiwa wamepanga mistari mbele ya bendera, nikahubiri juu ya usafi. Nikasema kwa nguvu. Kisha, nikidhani nafanya jambo la busara, nikawaamuru wote wavue viatu niwakague miguu. Nikafika kwa mvulana mmoja wa darasa la tano. Alikuwa anajaribu kuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine, lakini wote miwili ilikuwa imejaa funza. Watoto wakacheka. Nami, badala ya kuwanyamazisha, nikasema, “Mwaona uvivu wa kutonawa unavyomfanya mtu?” Kisha nikafunga kwa maombi, nikaenda zangu kunywa chai.

Jumatatu mvulana yule hakuja shule. Wala juma lililofuata. Baada ya majuma matatu mwalimu mkuu akaniambia kwa upole, “Mchungaji, yule kijana tumempoteza. Labda uende wewe.”

Nikaenda. Alikuwa anaishi na nyanya yake katika nyumba ya udongo, na sakafu yake ilikuwa ya udongo vilevile, kavu, yenye vumbi laini kama unga. Mama mzee alinipokea vizuri. Akanipa kigoda, akasema, “Karibu, Mchungaji. Chai nitakupikia, lakini itabidi ungoje mtoto alete maji.” Tulingoja karibu saa nzima. Hatimaye nikamwona yule mvulana akipanda kutoka bondeni na mtungi mgongoni, akikanyaga kwa visigino kwa sababu vidole vilikuwa vinamwuma. Aliponiona, akasimama. Hakutaka kuingia.

Mama mzee akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo. “Mchungaji, mtoto alinieleza kwamba ulimwambia anawe. Umesema vema. Lakini maji haya ni ya kupika na kunywa, na yakibaki tunampa mbuzi. Sakafu ninyunyizie yapi? Nilipoolewa hapa, chemchemi ilikuwa pale chini, karibu na mugumo. Mugumo ukakatwa, ikapandwa mikaratusi. Sasa nenda uone kama kuna hata chura.”

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehubiri juu ya miguu, wala sikuuliza habari za maji.

Hebu tufikiri pamoja juu ya funza, maana ni mwalimu mzuri kwetu. Funza ni aina ya kiroboto. Hakuwako katika Afrika tangu zamani. Aliletwa na meli kutoka Brazili mpaka Angola mwaka 1872, na katika miongo michache akaenea sehemu kubwa ya bara. Yule jike huingia katika ngozi, mara nyingi pembeni mwa kucha za miguu, akakaa humo, akavimba mpaka awe kama mbegu ndogo ya njegere. Akiwa humo hutoa mayai yake, na mayai huanguka chini. Sasa, yakianguka mahali gani ndipo hukua? Katika vumbi kavu. Sakafu iliyosiribwa vizuri au kunyunyiziwa maji hayampi makao. Kwa hiyo mtoto mwenye funza huenda si mvivu hata kidogo. Labda ni mtoto ambaye hana viatu, ana sakafu ya vumbi, na mto wa kwao umekauka. Na akiambiwa ajitoboe kwa pini au mwiba uliotumiwa na mwingine, anaweza kupata pepopunda au ugonjwa mwingine mbaya zaidi wa damu. Mahali pake ni zahanati, apate dawa, tena na nyumba yake itibiwe pamoja naye, na mbwa na nguruwe wa nyumba hiyo pia.

Mwaona basi? Nilidhani nafundisha afya. Kumbe afya ya miguu ile ilikuwa imefungwa pamoja na habari ya mti uliokatwa bondeni.

Fungueni Biblia zenu katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 23, kuanzia mstari wa 12. Someni wenyewe pole pole. Hapo Musa anawapa askari wa Israeli amri ambayo wahubiri wengi huiruka kwa haya. Anawaambia wawe na mahali nje ya kambi pa kwendea haja. Kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia katika vyombo vyake. Achimbe shimo, akimaliza afukie. Na sababu yake ni nini? Ni kwamba Mungu mwenyewe anatembea katikati ya kambi, basi kambi iwe takatifu.

Angalieni hekima hii. Katika amri moja Mungu ameunganisha mwili wa mtu, udongo wa nchi, na utakatifu wa mahali. Sisi tumevitenga. Mwili tumempa daktari, udongo tumempa bwana misitu, utakatifu tumempa kasisi, na mtoto wa shule hupewa vipande vipande asivyoweza kuviunganisha.

Nitatoa mfano wa karibu. Shukeni kutoka mlimani mpaka Mwea, katika Kirinyaga. Mpunga wa Mwea hunyweshwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, inayotoka Mlima Kenya. Ni maji mazuri, yanalisha watu wengi. Lakini katika mifereji ile umekuwako ugonjwa wa kichocho kwa muda mrefu. Unaingiaje? Mtu mgonjwa akienda haja karibu na mfereji, mayai ya minyoo huingia majini. Hapo hutoka vijidudu, vikaingia ndani ya konokono wa majini. Baada ya majuma kadhaa hutoka kwa konokono kwa wingi, na mtoto anayeoga au kuvuka mfereji huvipata kwa ngozi yake, bila kuhisi. Kenya ilianza mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo mashuleni mwaka 2009, na katika sehemu kama Mwea dawa ya kichocho pia, nao umewasaidia wengi. Lakini dawa huondoa minyoo iliyomo mwilini leo. Haimzuii mtoto kuingia katika mfereji kesho. Kitu kinachokata mnyororo ule ni choo kinachotumiwa na kila mtu. Ni kile kijiti cha Musa.

Sasa tupande tena mlimani. Mlima wetu una urefu wa mita 5,199, na maji yake huingia katika mto Tana upande mmoja na Ewaso Nyiro upande mwingine. Watoto wengi hudhani maji yote hutoka katika barafu ya kilele. Sivyo. Barafu ile imekuwa ikipungua sana kwa miaka mingi. Akiba kubwa ni msitu. Mvua ikinyesha, majani huipunguza nguvu; majani yaliyooza chini huifyonza kama sifongo; mizizi hufungua udongo, maji yakazama, yakatembea polepole chini ya ardhi, na katika mwezi wa Januari, jua likiwa kali, yakatokea kama chemchemi. Ukiondoa msitu, mvua ile ile huteremka kwa siku moja pamoja na udongo wako. Ndiyo sababu tunaona mto mwekundu uliojaa mwezi wa Aprili, na mawe matupu mwezi wa Februari. Na si kila mti unafaa kila mahali. Mkaratusi ni mti mzuri wa nguzo na kuni, lakini hunywa sana, wala haufai kupandwa kando ya chemchemi.

Hapa Nyeri Mungu alituinulia shahidi wa jambo hili. Profesa Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Alipokuwa mtoto, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu nao, maana ulihesabiwa kuwa mti wa Mungu. Karibu na mti ule palikuwa na kijito, naye alikuwa akicheza na mayai ya vyura, akijaribu kuyachukua kama shanga, yakamponyoka vidoleni. Alikwenda Marekani kusoma, akarudi mwaka 1966. Baadaye alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Alieleza kwamba mizizi ya mti ule ilikuwa ikishuka sana na kuyafungulia njia maji ya chini. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama, na kazi hiyo imepanda miti zaidi ya milioni 50. Alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akisimama mbele ya wakuu huko Oslo, alikisimulia tena kile kijito cha utoto wake. Alifariki mwaka 2011.

Fikirini, walimu. Somo lililomwongoza mwanamke huyu maisha yake yote halikuanzia katika kitabu. Lilianzia kwa mama aliyemwambia kwa nini asiuguse mti, na kwa mikono yake mwenyewe ndani ya maji.

Basi tufundisheje? Nina mambo manne.

La kwanza, tusifundishe kwa aibu. Mtoto aliyeaibishwa hujifunza kuficha. Kagueni usafi, ndiyo, lakini ukiona shida, mwite mtoto kando, nawe uulize: Kwenu maji huchotwa wapi? Unalala wapi? Nani anakufulia? Mara nyingi utagundua kwamba unayetaka kumrudi ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wako.

La pili, mikono ya mtoto ifanye kazi. Chukua mtungi mdogo wa lita tano. Toboa tundu dogo ubavuni, karibu na mdomo. Uning'inize kwa kamba kwenye mti wa ulalo. Funga kamba nyingine shingoni mwa mtungi, na chini yake kijiti cha kukanyagia. Mtoto akikanyaga, mtungi huinama, maji yakachirizika kidogo kidogo, naye hashiki chochote kwa mkono mchafu. Pembeni tundika sabuni iliyofungwa kwa uzi. Hicho ndicho kibuyu chirizi. Darasa zima linaweza kutengeneza cha kwao kwa alasiri moja, na maji kidogo huwatosha watoto wengi. Kiwekwe karibu kabisa na choo, maana kikiwa mbali watapita tu. Kisha waelezeni sababu: minyoo mmoja jike wa tumboni aweza kutaga mayai kama 200,000 kwa siku, wala jicho halioni hata moja lililo chini ya kucha.

La tatu, tuache kuyafanya mambo mema kuwa adhabu. Hili lanihuzunisha. Sisi tuliosoma zamani, tukichelewa tuliambiwa tukimbie kuzunguka uwanja. Tukipiga kelele, tulipewa jembe tuchimbe mashimo ya miti. Tukikosa hesabu, tukaosha vyoo. Halafu twashangaa kwamba mtu mzima hapendi kukimbia, hapendi kupanda mti, na huona kusafisha choo ni fedheha! Tuliwafundisha wenyewe. Na kipindi cha mazoezi ya viungo, ambacho kimo katika ratiba, mara ngapi kimechukuliwa na marudio ya mtihani? Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri kila mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate dakika 60 za mwendo wa mwili kila siku. Catherine Ndereba, binti wa Nyeri hii hii, alishinda mbio ndefu za Boston mara nne na kuwa bingwa wa dunia mwaka 2003 na 2007. Si kila mtoto atakuwa Ndereba. Lakini kila mtoto aweza kuonja furaha ya kukimbia bila kuogopa fimbo nyuma yake. Na yule aliye mlemavu au mnene asiachwe kando kulinda masweta ya wenzake. Apewe zoezi linalomfaa.

Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri amezikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki mwaka 1941. Skauti hutembea porini, hupika, hulinda kambi isiachwe na taka, humsaidia jirani. Mwili, nchi na jirani huwekwa katika mchezo mmoja, na watoto huupenda. Hata shule isiyo na maskauti yaweza kujifunza hapo.

La nne, mtoto apewe kitu cha kutunza, si cha kuzindua. Tumezoea kupanda miti siku ya wageni. Picha hupigwa, hotuba husomwa, na mwezi wa Septemba miche imekauka yote. Tazameni kalenda yetu. Mvua ndefu hunyesha Machi mpaka Mei, na shule hufungwa Aprili. Mvua fupi hunyesha Oktoba mpaka Disemba, na shule hufungwa mwishoni mwa mwaka. Basi mti wa shule huhitaji mtu wakati ambapo shule haina watu. Afadhali miche kumi yenye wenyewe kuliko elfu moja ya kila mtu. Watoto wawili wawili wanaokaa karibu wapewe mti mmoja, wa asili: muringa, muiri au mutamaiyu. Wauzungushie miiba mbuzi wasile, waweke majani makavu kwenye shina, wamwagilie maji ya kunawia yasiyo na sabuni nyingi. Wakimaliza shule, wawakabidhi wadogo wao. Katika Mwanzo 2:15 twasoma kwamba mtu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili, kuilima na kuitunza. Kulima ni kwa msimu. Kutunza ni kwa kila siku.

Wapenzi wasikilizaji, nirudi kwa yule mvulana.

Siku ile nilikunywa chai ya nyanya yake nikiwa na uchungu moyoni. Nilijua itanilazimu kufanya jambo gani. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya shule nzima. Kumwomba msamaha kwa siri katika jiko la nyanya yake kusingetosha. Kwanza tulimpeleka zahanati. Kisha vijana wa kanisa na watoto wa darasa lake walikuja Jumamosi mbili, wakachota maji, wakakanda udongo na mavi ya ng'ombe, wakaisiriba sakafu ile mpaka ikawa ngumu. Akina mama wa kanisa wakanunua viatu, si kwake tu, ili asitengwe tena. Na Ijumaa aliporudi shule, nikasimama mbele ya bendera, mahali pale pale, nikasema, “Watoto, mimi ndimi niliyekosa. Nilimcheka mwenzenu kwa ugonjwa ambao hakujitafutia. Nisameheni, naye anisamehe.”

Hakunikumbatia, wala hakulia. Alinitazama tu, kisha akatazama viatu vyake. Lakini wakati wa mapumziko nilimwona uwanjani akikimbiza mpira wa matambara pamoja na wenzake, akikanyaga kwa mguu mzima.

Chemchemi je? Sitawadanganya. Wenye mashamba kando ya bonde walikubali kuikata baadhi ya mikaratusi, si yote. Darasa lile lilipanda miche ya asili pale palipokuwa na mugumo. Mingine ilikufa. Iliyobaki leo yampita mtu kimo. Maji hayajarudi ya mwaka mzima. Baada ya mvua hukaa kidogo, kisha hutoweka. Mti hukua kwa muda wake, na nchi iliyojeruhiwa kwa miaka 40 haiponi kwa miaka kumi. Mama mzee alikwisha kulala katika Bwana. Lakini yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima, hupita pale akija nyumbani, na nimesikia kwamba huwaonyesha watoto wa jirani ule ulio wake.

Swali langu kwenu asubuhi hii ni hili. Je, katika shule iliyo karibu nawe, ni mtoto gani anayeficha mguu mmoja nyuma ya mwingine? Nenda kwao kabla ya kuhubiri. Ungoje mpaka maji yaletwe. Hapo ndipo utajua la kufundisha.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyetuumba kwa udongo na kutuweka tuutunze udongo, twaungama kwamba tumewalaumu wadogo kwa ajili ya makosa ya wakubwa. Uwaponye watoto wetu miili na mioyo. Uwape walimu subira, na wazazi mwanga. Urudishe vijito vyetu, nasi utupe mikono ya kazi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.